Liwali Aliyeamuru Baba Yangu Achapwe

Mpaka leo nikienda sokoni nawasikia watu wazima wakimsifu Liwali. Wanasema enzi za Wajerumani hapakuwa na mwamuzi kama yeye, kuanzia Mpwapwa mpaka ng'ambo ya Mvumi. Wanazo hukumu zake vichwani, wanasimuliana huku wanapima chumvi, na kila anayesimulia anaongeza kidogo cha kwake. Mimi hununua nilichofuata, nikaondoka. Wengi wao hawajui kwamba nilikuwa mke wake. Wachache wanaojua hawajui kwamba ni mimi niliyemtoa kwenye kiti chake, na kwamba niliingia nyumbani kwake kwa ajili ya kazi hiyo tu.

Hakuwa mtu wa kwetu. Alifika akiwa kijana, karani wa msafara wa pembe za ndovu uliotoka pwani kwenda Tabora. Mji wetu ulikuwa kituo cha wapagazi. Walitua mizigo, wakanunua mtama na kulipia maji, kisha wakaendelea. Yeye alishikwa na homa, wenzake wakamwacha. Alipopona hakuwafuata. Alifungua duka la kaniki na chumvi, akajifunza Kigogo mpaka akawa anatania kwa Kigogo, akatuma watu pwani wamletee mke. Wajerumani walipojenga boma lao mwendo wa siku moja kutoka kwetu, walitafuta mtu anayejua kusoma na anayeelewana na wenyeji. Wakampa yeye bendera na askari, wakamwita Liwali. Kuanzia hapo, ugomvi wowote usiokuwa wa kumwaga damu uliletwa kwake.

Alifanyia baraza mbele ya nyumba yake, kila asubuhi isipokuwa Ijumaa. Alikaa kwenye kiti cha turubai alichopewa na Mjerumani, tambuu mdomoni, macho ameyafumba. Mgeni alidhani kalala. Watu wakishasema yote, alifumbua macho na kumrudishia kila mmoja maneno yake mwenyewe, yakiwa yamenyooka kuliko alivyoyasema. Ndipo akaamua. Hicho ndicho kilichowavutia watu. Mtu aliyesikia maneno yake yakirudi kutoka kinywani mwa mkubwa aliona amesikilizwa, na hata akishindwa alikwenda nyumbani ametulia.

Hukumu wanayoipenda kusimulia sokoni ni ya mzinga. Mtu mmoja alitundika mzinga juu ya mgunga uliokuwa katika shamba la mwenzake. Nyuki wakaingia, asali ikawa nyingi, wakaanza kushikana makoo. Liwali aliamua kwamba asali ni ya aliyetundika mzinga na nta ni ya mwenye shamba. Watu walicheka kwa furaha, wakasema kila mmoja amepata chake. Hawakujua kwamba mwaka ule wafanyabiashara wa pwani walikuwa wanaitafuta nta kuliko asali, na kwamba mwenye shamba alikuwa anamuuzia Liwali mwenyewe. Mimi nililijua hilo baadaye sana, nikiwa jikoni kwake, nikiyeyusha nta hiyohiyo.

Baba yangu alikuwa mfugaji kama babu zake, na tembe yetu ilikuwa mbali na mji. Kwetu, mtu mwenye akili haweki ng'ombe wake wote mahali pamoja. Anawagawa kwa marafiki, huyu huku na yule kule. Rafiki anakunywa maziwa, mwenyewe anabaki kuwa mwenyewe. Ugonjwa ukiingia zizi moja, lingine linapona. Kabla ya sotoka, ule ugonjwa uliomaliza ng'ombe, kufika upande wetu, baba, baba mdogo na mjomba, kaka yake mama, walikuwa wamewaswaga ng'ombe kadhaa mpaka kwa rafiki wa baba, mtu aliyetahiriwa pamoja naye. Sotoka ilipopita, zizi letu lilibaki tupu. Kwa yule rafiki ng'ombe walipona, wakazaa.

Kisha Wajerumani wakamfanya yule rafiki jumbe, mkuu wa kijiji chake. Baba alipokwenda kumwambia kwamba kaka yangu anataka kuoa, na kwamba anahitaji baadhi ya ng'ombe wake, yule mtu alimkaribisha pombe, akamwacha anywe, akamuuliza, "Ng'ombe gani, rafiki yangu?"

Baba alirudi nyumbani akamwambia mama, "Amesahau. Nitakwenda tena."

Alikwenda tena. Safari hiyo hakupewa pombe. Ndipo akapeleka shauri kwa Liwali, kwa sababu alikuwa amesikia sifa zake kama kila mtu.

Nilikuwapo. Sisi wasichana tulisimama nyuma ya wanaume, na mimi nilikuwa nimeshika kibuyu cha maji cha baba. Alieleza shauri lake taratibu, akianza na babu ya ng'ombe wale, kama tunavyofanya kwetu. Liwali alifumba macho akasikiliza asubuhi nzima. Baba akataja mashahidi wake, mjomba na baba yangu mdogo. Liwali akauliza, akiwa bado amefumba macho, "Ni nani wako hao?"

"Ni shemeji yangu na mdogo wangu. Ndio tuliowaswaga pamoja."

"Ndugu hashuhudii," akasema. Mjomba na baba mdogo wakatolewa nje bila hata kuulizwa majina yao. Kisha akafumbua macho. "Hao ng'ombe wanalala zizi la nani?"

"La jumbe. Lakini ni wangu."

"Wamelala humo tangu lini?"

"Tangu kabla ya sotoka."

Liwali akamrudishia baba maneno yake yote, mazuri, yamenyooka, hata babu ya ng'ombe hakumsahau. Baba akawa anatikisa kichwa kukubali. Kisha Liwali akasema kwamba katika nchi ya serikali ng'ombe ni wa zizi analolala, na asiye na shahidi wa nje hana ng'ombe. Na kwa kuwa baba amemwita jumbe wa serikali mwizi mbele ya watu, atapelekwa bomani akapate hamsa ishirini, viboko ishirini na tano.

Baba hakuelewa mara moja. Alinigeukia mimi, akanyoosha mkono apewe maji. Askari akamshika mkono uleule.

Kiboko kilikuwa cha Mjerumani, najua. Lakini yule Mjerumani aliyesimama pale bomani akihesabu hakumjua baba yangu wala hakujali kumjua. Liwali alimsikiliza. Alikuwa na maneno yake yote mdomoni, akajua ni ya kweli, akayatema.

Baba alirudishwa amebebwa. Majeraha hayakufunga, yaliingia usaha, na masika yalipoanza alikuwa analalia tumbo ndani ya tembe, uso ameuelekeza ukutani. Hakumlaani mtu. Hakuniachia neno lolote la kulipiza, na sitaki kumsingizia. Alikufa siku ya mvua. Kwetu mtu mzima huzikwa ndani ya ngozi ya ng'ombe wake mwenyewe, na sisi hatukuwa na ng'ombe. Mama alipita nyumba hadi nyumba akiomba ngozi. Tulimzika baba yangu katika ngozi ya kuomba, ngumu, iliyokuwa fupi miguuni. Nilitazama nyayo zake zikifukiwa kwa udongo mtupu, na mambo yangu yote yaliyofuata yalianzia hapo.

Nilipomwambia mama nakwenda kutafuta kazi kwa Liwali, alinipiga kofi.

"Utampikia aliyemuua baba yako?"

"Nitampikia."

"Una nini wewe?"

Nilijua tu kwamba kutoka mbali singeweza kumfanya lolote. Mjomba, ambaye alikuwa amekaa pembeni akichonga mpini wa jembe, akasema bila kuinua uso, "Mwache aende, dada." Alikuwa bado ana uchungu wa kutolewa nje kama mbwa.

Mke mkubwa wa Liwali ndiye aliyenipokea. Alikuwa mwanamke wa pwani, mwembamba, mwenye maneno machache, asiyekuwa na mtoto. Nilimwambia mimi ni yatima wa upande wa Mvumi. Alinipa kaniki, akanifundisha kupika wali, kusuka ukili na kusema Kiswahili mpaka ulimi ukalainika. Liwali mwenyewe alinitazama mara moja, akaniuliza, "Wewe binti wa nani?" Nikamtajia jina la kubuni. Akasema, "Haya," akaendelea kutafuna. Alikuwa amewatazama watu wengi mno asiweze kuukumbuka uso wa msichana mwenye kibuyu.

Kazi yangu ilikuwa kuwapelekea maji watu wa baraza. Ndivyo nilivyojifunza hukumu zake, moja baada ya nyingine, nimesimama kando na mtungi. Na hapa lazima niseme jambo linalonikera hadi leo. Nyingi zilikuwa nzuri. Nilimwona akiamua shauri la mjane aliyechimba kisima katika mchanga wa korongo wakati wa kiangazi, na askari wa boma akamnyang'anya ili anyweshe nyumbu wa serikali. Kila mtu alimtegemea Liwali aelekee kwa askari. Liwali akamwambia askari, "Onyesha mikono yako." Askari akaonyesha. "Sasa mama aonyeshe yake." Mikono ya mjane ilikuwa imechubuka mpaka kwenye viwiko. Liwali akampa kisima chake, na akamlazimisha askari amchotee maji mbele yetu sote.

Watu walimshangilia. Mimi nilirudi jikoni nikapasua kuni mpaka Bi Mkubwa akaniuliza nina nini. Kama angekuwa mjinga, au mlevi, pengine chuki yangu ingepungua. Alijua haki ilipo. Aliijua vizuri kuliko sisi sote, na siku ya baba aliamua kuiacha.

Kwa nini aliiacha, nililiona kwa macho yangu mwishoni mwa mwaka wa kwanza. Mchungaji wake aliugua, nikatumwa nikafungue zizi. Zizi lilikuwa nyuma ya nyumba, limezungushiwa miiba, na ng'ombe waliokuwamo walikuwa wengi kuliko mtu wa duka anavyotakiwa kuwa nao. Katikati yao alikuwamo jike mwekundu mwenye ndama, na sikio lake la kushoto lilikuwa limepasuliwa kama mkia wa mbayuwayu. Hiyo ilikuwa alama ya nyumba yetu. Babu aliikata hivyo, baba aliikata hivyo. Jumbe alikuwa amemlipa Liwali kwa ng'ombe wa baba yangu, ili aseme ng'ombe wa baba yangu si wa baba yangu.

Nilisimama pale nikamshika sikio. Nikatazama na wengine. Karibu kila mmoja alikuwa na alama yake: sikio lililokatwa ncha, lililotobolewa, lililochanwa upande wa nyuma. Nyumba nyingi zilikuwa mle zizini, na kila moja ilikuwa na shauri lake. Niliyakumbuka mengine, nilikuwa nimeyapelekea maji.

Baada ya hapo niliacha kufikiria sumu, maana sitakataa kwamba nilikuwa nimeifikiria.

Liwali alinioa nilipokuwa nimekaa kwake miaka michache. Hakunilazimisha, aliniuliza kupitia kwa Bi Mkubwa, nikakubali. Bi Mkubwa alinisuka nywele siku ile, akasema akiwa nyuma yangu nisimwone uso, "Sijui umekuja kuchukua nini katika nyumba hii. Ila ukikichukua, mimi usiniguse."

"Wewe sikugusi, Bi Mkubwa."

"Basi inamisha kichwa nimalize."

Hakuniuliza tena. Nilikuwa mke wa tatu. Wa pili alikuwa amekwisha kufa kwa uzazi kabla sijafika. Nilimpikia mume wangu, nilimkanda miguu, nilicheka alipotania. Aliniambia mambo. Kutoka kwake nilijua ni jumbe gani analeta nini, na ni lini.

Nafasi yangu ilikuja na Bwana Shauri mpya, mkuu wa boma. Mjerumani wa zamani alirudi kwao, akaletwa mwingine, mwembamba mwenye miwani, aliyezungumza Kiswahili cha kukatakata na kutaka kujua kila kitu. Habari zikafika kwamba anapita mji kwa mji akikagua maliwali na maakida, na kwamba liwali wa mahali fulani amefukuzwa kwa kula zawadi za watu wenye mashauri. Mume wangu akaacha kula vizuri. Nilimwona anakwenda nyuma ya nyumba, anatazama zizi, anarudi.

Nilimsubiri aseme yeye. Alisema wakati nampa maji ya kunawa. "Ng'ombe hawa wamekuwa wengi."

"Kwetu mtu akiwa na wengi huwaweka kwa rafiki," nikasema. "Wakaguzi wakipita wanakuta zizi dogo. Wakishapita, ng'ombe wanarudi."

"Rafiki gani wa kuaminika katika nchi hii?"

"Mjomba wangu anakaa mbali na njia, kuna malisho. Ndiye aliyebaki wa upande wa mama."

Akanikazia macho. Nilidhani ameelewa. Lakini alikuwa anafikiria mambo yake. "Pasiwe na watu wa kuona," akasema. "Habari ikitoka nje inafika bomani."

"Pasiwe na mtu," nikasema.

Waliondoka alfajiri, makundi madogomadogo, kama wanaokwenda malishoni. Mchungaji wake peke yake ndiye aliyewaswaga. Mimi nilikuwa nimekwisha kumtumia mjomba maneno mawili: wapokee, na ukiulizwa huna ng'ombe wa mtu. Hakuhitaji kuelezwa zaidi.

Bwana Shauri alikuja, akakagua, akaona zizi lenye ng'ombe wachache kama wa mtu wa heshima yake, akanywa chai, akaondoka. Mume wangu alichinja mbuzi. Mwezi haujaisha akamtuma mchungaji awarudishe ng'ombe. Mchungaji alirudi mikono mitupu.

"Anasema ng'ombe gani," mchungaji akamwambia.

Liwali aliniita. Alinishika kanga kifuani, mara ya kwanza na ya mwisho kunishika kwa ukali. "Mjomba wako ana wazimu?"

"Huenda hajaelewa, bwana. Mtume askari."

Alimtuma askari na kamba. Hilo ndilo nililolitaka. Mjomba alipowaona wanakuja kwa mbali alichukua fimbo yake akaelekea bomani kwa njia ya nyuma, akamlalamikia Bwana Shauri kwamba Liwali ametuma watu wamnyang'anye ng'ombe. Bwana Shauri mwenye miwani akawaita wote wawili. Akataka na watu wa mji waje wasikilize.

Safari hii Liwali hakuwa na kiti. Alisimama katika kanzu nyeupe kwenye uwanja uleule ambao baba alilazwa chini. Ninaikumbuka ardhi yake, nyekundu na ngumu kama imefagiliwa kwa chuma. Watu walikuwa wengi, jumbe wetu naye alikuwamo, amenenepa.

Liwali alisema ng'ombe ni wake, amewaweka tu. Bwana Shauri akauliza mashahidi. Akamtaja mchungaji.

"Huyo ni mtu wa nyumba yako," Mjerumani akasema.

"Na mke wangu yupo. Anajua yote."

Nikaitwa mbele. Bwana Shauri akaniuliza huyu mzee ni nani wangu. Nikasema mjomba. Na Liwali? Mume. Akavua miwani akaifuta, akawageukia wazee. "Hapa kwenu shauri kama hili huamuliwaje?"

Wazee wakatazamana. Nikasema mimi, kwa Kiswahili nilichofundishwa katika nyumba yake, "Liwali mwenyewe alikwisha kuliamua, Bwana. Kulikuwa na mtu aliyeweka ng'ombe kwa jumbe. Liwali alisema ndugu hashuhudii. Akasema katika nchi ya serikali ng'ombe ni wa zizi analolala. Watu hawa walikuwapo."

"Ni kweli?" Bwana Shauri akauliza.

"Ni kweli," wakasema, kwanza mmoja, kisha wengi.

"Na yule mtu?"

"Alichapwa hapa. Alikufa. Alikuwa baba yangu."

Nilimtazama mume wangu wakati nasema, maana kwa ajili ya dakika ile nilikuwa nimelala kitandani kwake. Uso wake haukubadilika haraka. Ulibadilika polepole, kama mtu anayemtafuta mtu katika umati akamwona. Mdomo ulibaki wazi kidogo na wekundu wa tambuu ukaonekana kwenye meno.

Bwana Shauri hakujali habari za baba. Alimuuliza Liwali jambo lingine. "Niliona zizi lako. Lilikuwa dogo. Ng'ombe hawa uliwapata wapi, na kwa nini uliwaficha?"

Hapo ndipo aliponaswa. Ili awadai ilimbidi awataje waliompa. Alikuwa mtu mwenye akili, na niliona akizipitia njia zote kichwani, akizikuta zimefungwa. Akafumba macho kama alivyozoea. Alipoyafumbua akasema kwa sauti ndogo, "Sina dai, Bwana."

"Huna ng'ombe kwa mtu huyu?"

"Sina."

Kabla ya mwezi kwisha bendera iliondolewa mbele ya nyumba yake. Kuchapwa hakuchapwa. Watu wa aina yake, wa kanzu na kitabu, serikali ilikuwa haiwachapi; hilo nililiulizia na nilisikitika kulisikia. Nilitaka alale kifudifudi. Nilitaka kuuona mgongo wake.

Alinipa talaka uani, Bi Mkubwa akisikia. Kisha akaniuliza, bila hasira, kama mtu anayetaka tu kujua, "Umenipikia miaka yote hiyo. Kwa nini hukunitilia sumu?"

"Ungekufa ukiwa Liwali," nikamwambia. "Wangekuzika kwa heshima."

Akatikisa kichwa taratibu, jinsi baba alivyotikisa siku ile. Sikumhurumia. Nilibeba mkeka wangu na chungu nilichonunua mwenyewe, nikaenda kumuaga Bi Mkubwa. Alikuwa anafunga mizigo yake. Alisema anarudi pwani kwa ndugu zake, hataki tena kumwona mwanaume wala ng'ombe. Aliniachia kitana chake cha mti.

Mjomba alimswaga jike mwekundu na uzao wake mpaka mlangoni kwa mama, na kaka yangu akaoa. Wale wengine aliwarudisha kimyakimya kwenye nyumba zenye alama zao, leo huyu, kesho yule, akiwaambia wasiseme. Wachache alibaki nao, na alipoulizwa na mama alisema ni malipo ya kutolewa nje. Mama alicheka, mara ya kwanza tangu mazishi.

Yule jumbe nilimkosa. Hilo ndilo linaloniuma. Nilikuwa nimetegemea Liwali atamtaja, waanguke pamoja, na ukimya wa Liwali ukamwokoa. Nilijaribu njia nyingine mbili tatu, hazikufika popote. Alizeeka kwa raha, akanywa maziwa ya ng'ombe wetu waliobaki kwake, akafa kitandani, amezungukwa na wajukuu, na akazikwa ndani ya ngozi nzuri ya fahali mweusi. Nilikwenda mazishini. Nilitaka kuhakikisha.

Mimi niliolewa na mkulima wa Busi, mtu mpole, nikahamia kwao. Reli ilikuwa imekwisha kufika Dodoma na misafara imekufa, mji wetu wa zamani ukawa magofu ya udongo na visima. Ndipo nikasikia kwamba Liwali hakurudi pwani, aliona haya. Alikuwa anakaa Dodoma karibu na stesheni, anafundisha watoto Kurani.

Mume wangu alipokuwa anapeleka karanga Dodoma nilimwomba nifuatane naye. Nilimkuta Liwali mbele ya kibanda, ameketi juu ya mkeka. Kanzu ilikuwa imeshonwashonwa mabegani kwa uzi wa rangi nyingine. Watoto walikuwa wamekwisha kutawanyika. Alikuwa amekonda. Nilisimama nikamtazama kwa kitambo, nikiangalia kila kitu: viatu, sufuria moja, mlango usiokuwa na komeo. Nilitaka nikikumbuka nikumbuke yote.

Aliinua uso akanitambua. Safari hii alinitambua mara moja.

"Karibu," akasema. "Kaa. Jua kali." Akanimiminia maji kutoka kwenye mtungi, akanipa kata kwa mikono miwili, kama apewavyo mgeni.

"Sina kiu," nikasema.

Hakuuliza nimefuata nini. Akayarudisha maji mtungini. Nilimuaga kwa kichwa tu, nikarudi sokoni, nikamkuta mume wangu amemaliza kuuza na anafunga magunia. Tulinunua chumvi na kipande cha nguo ya mtoto, tukashika njia. Nilikuwa na njaa kuliko nilivyowahi kuwa nayo kwa siku nyingi, na nilikula viazi vyote tulivyofungiwa kabla hatujatoka nje ya mji.